Gunia Moja Mlangoni: Somo kwa Mkazi wa Mjini Kuhusu Mboga Anayokula

Kabla jua halijapanda, soko la Gakoromone mjini Meru huwa limeshajaa. Ndizi zimeshushwa kutoka Imenti, viazi vimefika kutoka pande za Timau na Kibirichia, na akina mama wanafunga sukuma wiki kwa mafungu. Mjini Embu mambo ni hayo hayo: kabichi na nyanya kutoka Manyatta na Runyenjes, ndengu na kunde kutoka Mbeere. Asubuhi na mapema mama mboga wa Majengo, Dallas, Makutano na Kooje huwa wameshanunua na kurudi kwenye vibanda vyao. Jioni mfanyakazi anayetoka kazini hununua fungu lake, likakatwakatwa pale pale kibandani, na akifika nyumbani huenda moja kwa moja kwenye sufuria.

Katika safari hiyo yote, kutoka shambani hadi mezani, kuna maswali matatu ambayo mnunuzi kwa kawaida hawezi kuyajibu. Mboga hii ilimwagiliwa maji gani? Ilipuliziwa dawa gani, na ni lini? Ilikua kwenye udongo wa namna gani?

Somo hili linahusu maswali hayo matatu. Linaeleza jinsi mkazi wa mjini, hata anayeishi katika chumba kimoja cha kupanga, anavyoweza kukuza sehemu ya mboga anayokula. Linaeleza pia mambo ya kujihadhari nayo. Mwisho linaonyesha kwamba faida kubwa ya gunia moja mlangoni huenda isiwe mboga yenyewe, bali ujuzi ambao mkazi huenda nao sokoni.

KARIBU NA SHAMBA, MBALI NA CHAKULA

Miji ya Embu na Meru ilianza kama vituo vya serikali ya kikoloni, Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Yote miwili imekaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, upande wa mashariki, mahali ambapo chakula cha kila aina hukua. Mtu akishuka kutoka ukingo wa msitu hupita mashamba ya majani chai, kisha kahawa na ndizi, kisha mahindi na maharagwe, na huko chini kwenye joto hukuta mtama, ndengu na kunde. Udongo wa miteremko hii ni mwekundu, wenye kina, uliotokana na volkano. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba.

Kwa hivyo mkazi wa mjini hapa haishi mbali na shamba. Hata hivyo, kuwa karibu na shamba si sawa na kukijua chakula. Zamani karibu kila familia ya mjini ilikuwa na kipande cha ardhi mashambani ilikotoka, na watoto walikwenda huko likizoni kupalilia na kuvuna. Walijua kiazi kikuu hupandishwa kwenye mti, na nduma hupenda mahali penye maji. Leo watoto wengi waliozaliwa katika nyumba za kupanga wanajua managu yakiwa yameshapikwa. Wakionyeshwa mche wa managu na mche wa terere, hawawezi kusema upi ni upi.

Ujuzi wa namna hiyo hupotea polepole, kizazi baada ya kizazi. Bibi alijua kupanda, mama alijua kuchagua sokoni, na mtoto anajua kula tu. Ndiyo sababu kazi ya kuurudisha huanza na kitu kidogo ambacho mtoto anaweza kukiona kila siku anapotoka nyumbani.

KUPANDA MJINI SI JAMBO GENI

Wapo wanaodhani kilimo ni cha mashambani pekee, na kwamba mboga mlangoni ni dalili ya umaskini. Historia inaonyesha vingine. Taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilichapisha mwaka 1987 utafiti uliofanywa katika miji sita ya Kenya: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Kakamega, Kitui na jirani yetu Isiolo. Ulibaini kwamba asilimia 29 ya familia zilikuwa zikipanda chakula ndani ya mji zilimokuwa zikiishi.

Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, njia za kuingiza chakula Nairobi zilivurugika na bei zikapanda. Mwaka 2008 shirika la Solidarités lilisaidia maelfu ya familia za Kibera kupanda mboga kwenye magunia. Kibera haina mashamba, na nafasi mbele ya mlango mara nyingi haizidi hatua mbili, lakini gunia lilitosha hapo. Utafiti kuhusu wakulima hao uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba walikula mboga za aina nyingi zaidi. Pia walijuana zaidi na majirani, kwa sababu waligawana miche na kulindiana magunia.

Mbali na Afrika, jiji la Havana nchini Cuba lilipitia mtihani mkubwa zaidi. Muungano wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, Cuba ilikosa mafuta, mbolea na chakula kilichokuwa kikitoka huko. Wakazi waligeuza viwanja vitupu vya mjini kuwa bustani za mboga, na bustani nyingi za aina hiyo zimedumu hadi leo.

Hapa Kenya, Kaunti ya Jiji la Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limeweka kilimo miongoni mwa kazi za serikali za kaunti.

SWALI LA KWANZA: MAJI

Mboga ya majani ni maji kwa sehemu kubwa, na kinachoingia kwenye maji hufika kwenye jani. Mboga iliyomwagiliwa maji yenye kinyesi huweza kubeba viini vya homa ya matumbo na kipindupindu, pamoja na mayai ya minyoo. Moto wa jikoni huua sehemu kubwa ya viini hivyo. Hatari zaidi iko kwenye vinavyoliwa vibichi: dhania, nyanya na vitunguu vya kachumbari, na karoti.

Kwa bustani ya nyumbani, maji ya bomba na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi yanafaa. Maji yaliyooshea mboga na mchele pia yanafaa. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi ya unga hudhuru udongo kwa chumvi yake, na hayafai kumwagwa juu ya majani. Maji ya mtaro na ya shimo la choo hayafai kabisa, hata yakionekana kustawisha mimea.

Wale wanaolima kando ya mito ya mijini kama Rupingazi na Kathita wana jambo jingine la kukumbuka. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima ndani ya ukanda wa mto, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande, kuanzia kiwango cha juu kabisa ambacho maji ya mafuriko yamewahi kufika. Kanuni ya namna hiyo hulinda mto usijae udongo na dawa. Humlinda pia mlaji, kwa sababu kila kinachotupwa mjini mwishowe huteremka mtoni.

SWALI LA PILI: DAWA

Dawa za kuua wadudu zilizosajiliwa nchini zina maandishi kwenye kibandiko. Miongoni mwa maandishi hayo ni idadi ya siku ambazo lazima zipite tangu siku ya kupulizia hadi siku ya kuvuna. Siku hizo za kusubiri hutofautiana: dawa moja inaweza kudai siku chache, nyingine wiki moja, nyingine zaidi. Mkulima akipulizia siku ya Jumatatu dawa inayodai siku 7, mboga hiyo isivunwe kabla ya Jumatatu inayofuata. Lori la mnunuzi likifika Jumatano, bei ikiwa nzuri na karo ya mtoto haijalipwa, hapo ndipo uaminifu wa mkulima hupimwa.

Lawama haimwendei mkulima peke yake. Sokoni, mnunuzi wa mjini hugeuza fungu, akiona jani lenye tundu hulirudisha na kuchukua lile lisilo na doa. Mama mboga huona hivyo, na kesho humwambia mkulima alete majani yasiyotoboka. Mkulima naye hupulizia mara nyingi zaidi. Kwa njia hiyo jicho la mnunuzi huamuru dawa bila yeye kujua. Jani lenye tundu moja au mawili lina ushahidi kwamba mdudu amelionja. Lisilo na alama yoyote katika msimu wa wadudu wengi linastahili kuulizwa.

Kuosha mboga kwa maji mengi yanayotiririka hupunguza mabaki ya dawa yaliyo juu ya jani. Hakuondoi yaliyoingia ndani. Kinga ya kweli ni siku za kusubiri kuheshimiwa.

SWALI LA TATU: UDONGO

Kuna uchafu ambao moto hauuondoi wala maji hayauoshi. Mmoja wao ni madini ya risasi. Kwa miaka mingi petroli iliuzwa ikiwa na risasi, na moshi wa magari uliiacha kwenye udongo wa kando ya barabara. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua kwenye udongo hukaa humo. Rangi kuukuu zinazobambuka ukutani na betri za magari zilizotupwa pia ni chanzo. Risasi huwadhuru zaidi watoto wadogo, kwani huathiri ukuaji wa ubongo.

Kwa hivyo udongo wa bustani ya mjini usichukuliwe kando ya barabara kuu, kwenye gereji, mahali palipochomewa takataka, wala chini ya ukuta unaobambuka rangi. Hapa ndipo gunia linapolishinda shamba dogo la mjini: mkazi huchagua udongo wake. Anaweza kuuleta kutoka nyumbani mashambani au kwa jirani mwenye shamba safi, akajua asili yake.

Kwa anayedhani haya ni mambo madogo, mfano wa mahindi unatosha. Mwaka 2004, katika maeneo ya Mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Waliokufa walikula chakula cha kila siku.

JINSI YA KUTENGENEZA BUSTANI YA GUNIA

Vifaa ni vichache: gunia la kilo 90 lisilowahi kubeba kemikali, udongo mzuri, samadi iliyooza, kokoto au mawe madogo, na mkebe mkubwa uliokatwa pande zote mbili ukabaki kama bomba.

1. Kuchanganya udongo. Madebe mawili ya udongo huchanganywa na debe moja la samadi ya ng'ombe, mbuzi au kuku iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba viini. Inapaswa kukaa miezi kama mitatu hadi ipoteze joto na harufu kali.

2. Kuweka gunia mahali pake. Huchaguliwa mahali panapopata jua saa 5 au 6 kwa siku. Gunia likishajaa ni zito mno kuhamishwa, kwa hivyo uamuzi huu hufanywa kwanza. Mdomo wa gunia hukunjwa nje ili lisimame wima.

3. Kujenga nguzo ya mawe. Mkebe husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, kisha udongo hujazwa kuuzunguka. Mkebe huvutwa juu taratibu, kokoto zikabaki chini yake, halafu hujazwa tena. Kazi hurudiwa hadi gunia lijae. Mwishowe kunabaki nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu. Kazi ya nguzo hiyo ni kupitisha maji yafike chini. Bila hiyo, mimea ya juu huoza kwa maji na ya chini hukauka.

4. Kutoboa matundu. Matundu madogo hutobolewa ubavuni, yakiachana kama sentimita 20, kwa safu zinazopishana ili mche mmoja usimkalie mwingine kichwani.

5. Kumwagilia na kupanda. Gunia humwagiliwa hadi lilowe, likaachwa usiku mmoja. Jioni inayofuata miche hupandikizwa, mizizi ikiingizwa ikiwa imenyooka. Gunia moja huchukua miche kati ya 30 na 50, juu na ubavuni.

6. Kutunza. Maji humwagwa juu ya nguzo ya kokoto, asubuhi au jioni. Wakati wa jua kali gunia huhitaji lita 5 hadi 10 kwa siku. Msimu wa mvua hupunguzwa. Kila baada ya wiki kadhaa samadi kidogo huongezwa juu.

Wadudu wa kwanza kufika huwa vidukari, wale wadogo wanaojikusanya chini ya jani. Huondolewa kwa mkono, kwa maji, au kwa maji ya sabuni: kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji. Majivu yaliyochekechwa pia husaidia. Dawa kali za dukani hazifai kwenye gunia lililo hatua mbili kutoka jikoni na mahali watoto wanapochezea.

MBOGA ZA KUANZA NAZO

Terere hukua haraka na huweza kuchumwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa. Sukuma wiki huchukua muda zaidi, lakini hutoa majani kwa miezi mingi. Managu na sagaa huvumilia wadudu kuliko kabichi, na zina madini ya chuma na vitamini A kwa wingi kuishinda. Kwa managu huliwa majani. Matunda yake mabichi ya kijani yana sumu na watoto wafundishwe kutoyala. Dhania na vitunguu vya majani hutoshea kwenye mkebe au ndoo iliyopasuka.

Mboga hizi za kienyeji ziliwahi kudharauliwa, zikaitwa chakula cha wakati wa shida. Sasa zimerudi kwa heshima. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitambua kazi ya Kenya ya kuendeleza vyakula vya kiasili na kuhifadhi desturi zake kuwa mfano wa kuigwa na mataifa mengine.

HESABU YA KWELI

Gunia lisisifiwe kupita kiasi. Gunia lenye miche 40 ya sukuma wiki, kila mche ukichumwa majani mawili kwa wiki, hutoa majani 80. Kwa familia ya watu watano hiyo ni mboga ya jioni mbili, pengine tatu. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa watu watano ni kilo 2 kila siku. Gunia moja haliwezi kufikia hapo. Magunia matatu au manne hupunguza sana matumizi ya mboga, lakini mama mboga bado atahitajika, na mkulima wa Manyatta au Imenti naye pia.

Kwa anayenunua maji kwa mtungi, hesabu ni ngumu zaidi. Lita 10 kila siku ni mtungi mmoja wa lita 20 kila baada ya siku mbili. Kabla ya kuanza, familia ihesabu maji ya kuoshea mboga na vyombo inayomwaga kila siku, kwa sababu mara nyingi jibu limo humo.

KATIKA PLOTI YA KUPANGA

Gunia la mjini halihatarishwi na wadudu na ukame pekee. Huweza pia kuuawa na ugomvi. Kabla ya kuleta udongo, mpangaji amweleze mwenye nyumba na majirani. Gunia likae mbali na mlango wa jirani, mita za stima na njia ya kupitia. Maji yasituame chini yake, kwa sababu mbu huzaliana humo. Samadi ihifadhiwe ikiwa imefunikwa. Kuku wa jirani huzuiwa kwa wavu au vijiti, si kwa maneno makali.

Mavuno ya kwanza yakigawanywa na jirani, hata kama ni majani kumi, gunia hupata mlinzi. Wakulima wa Kibera waligundua hivyo mapema.

KURUDI SOKONI

Mtu aliyelea gunia kwa miezi mitatu huenda sokoni akiwa mtu mwingine. Ameona vidukari wakila kazi yake kwa siku mbili. Amejua kwa nini mkulima hukimbilia dawa. Amejua jani la asubuhi na jani lililolala lilivyo. Kwa hivyo huuliza kwa heshima, kama mtu wa kazi moja: "Mama, sukuma hii imetoka wapi leo? Huyo mkulima unamjua? Hizi zenye tundu nipe mimi."

Swali hilo la mwisho lina uzito. Wanunuzi kumi wa kibanda kimoja wakikubali jani lenye tundu, mama mboga ataacha kulikataa kwa mkulima. Wanunuzi kumi wakiuliza mboga imetoka wapi, mama mboga ataanza kumuuliza mkulima maji yake na siku zake za kusubiri. Maafisa wa afya ya umma na wa kilimo wana kazi yao ya kukagua, lakini hawawezi kusimama kwenye kila kibanda kila jioni. Mnunuzi husimama hapo.

WATOTO NA MBEGU

Vyama vya 4K shuleni, ambavyo jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilizinduliwa upya mwaka 2021. Mwanafunzi aliyepanda shuleni anaweza kuongoza gunia la nyumbani. Mtoto apewe mkebe wake, mbegu zake za terere, na daftari la kuandika siku alizopanda, zilipochipua na alipovuna. Mbegu zikifa, aulizwe kwa nini, asikemewe. Mche uliokufa hufundisha kuliko uliopona.

Bibi na babu waliobaki mashambani nao wana sehemu yao. Safari ya kwenda kuwajulia hali iwe pia safari ya kuomba mbegu na udongo, na kuuliza majina: mboga hii tuliiitaje, ilipandwa mwezi gani, iliwekewa nini ikipikwa?

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KIKUNDINI

1. Mboga iliyoliwa jana jioni ilitoka wapi? Ni nani katika familia anayejua?
2. Katika ploti au mtaa wetu, ni wapi udongo usifae kwa kupandia chakula, na kwa nini?
3. Kwa siku moja, ni lita ngapi za maji safi ya jikoni tunazomwaga?
4. Tukimkuta mama mboga kesho, ni swali gani moja tutakalomuuliza bila kumkosea heshima?
5. Ni mboga gani ya kienyeji ambayo wazee wetu waliijua na watoto wetu hawaijui?

Mkazi anayehitaji ushauri kuhusu mbegu, samadi au wadudu anaweza kufika katika ofisi ya afisa wa kilimo ya wadi au kaunti ndogo anakoishi. Anayeshuku kwamba chakula kinachouzwa si salama apige ripoti kwa afisa wa afya ya umma. Mvua za Oktoba ni wakati mzuri wa kuanza, na gunia lililojazwa mwezi Septemba litakuwa tayari kuipokea miche.